Samaki wa Sebuleni

Samaki walikuwa wakicheza ndani ya tangi la kioo wakati Mzee Kitwana akizungumza na binti yake, Mwanahawa. Mkwewe, Shomari, alipoingia tu, samaki wote walikimbilia pembeni, wakagongana hadi magamba yakapukutika.

“Wana nini hawa?” mzee aliuliza.

“Wagonjwa tu, baba,” Shomari alicheka.

Mzee alimtazama binti yake. Naye alikuwa amejibanza ukutani.

“Mwanangu, wanaogopa nini?”

“Akikasirika huanza kupiga kioo, baba,” alisema kwa sauti ndogo. “Halafu hunigeukia mimi.”

Shomari alimrukia mkewe, akamkaba koo. Mzee alinyakua kigoda, akampiga nacho kichwani, akampiga tena. Shomari aliliangukia tangi, likapasuka. Maji na damu vikatapakaa sakafuni, samaki wakirukaruka humo. Mzee alipoinua tena kigoda, Mwanahawa aliudaka mkono wake.

“Basi, baba! Utaua!”

Shomari alikuwa akiugulia chini. Mwanahawa alikanyaga vioo kwa miguu mitupu, akafungua mlango ili aite watu. Majirani walikuwa wameshajaa barazani, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.