Kanga Aliyoikalia Bi Raya

Saruji ya uwanjani ilikuwa inaunguza, kwa hiyo Bi Raya akaikunja kanga ya sherehe aliyogawiwa langoni, akaikalia. Askari akamjia mbio.

"Bibi, inuka! Umemkalia Rais!"

Bi Raya akachungulia chini. Kweli, uso wa Rais ulikuwa katikati ya kanga, unatabasamu.

"Mjukuu wangu, si mara ya kwanza kumkalia. Mkoloni alipomsaka nilimlaza chini ya lundo la makuti, nikaketi juu yake nikisuka kutwa. Askari wakanipiga mateke, sikuinuka. Ndiyo maana leo yu hai, anatiwa kwenye kanga."

"Hayo utayasema kituoni." Akamshika mkono, akamnyanyua.

Wakati huohuo gari la Rais likapita mbele yao taratibu. Bi Raya akamwita kwa jina alilomwita siku zile. Rais akageuka. Akamtazama yeye, akamtazama askari, kisha akampungia Bi Raya mkono kama alivyowapungia wengine wote.

Kanga ilibaki pale kwenye saruji, uso juu, na watu waliopita waliizunguka wasije wakaikanyaga.