Rafu ya Watoto

Kitako cha bunduki ya askari kilimpiga Zawena mdomoni, damu ikadondokea kibodi.

"Tafuta hicho kitabu cha uchochezi! Aliyekiazima hatoki hai leo!"

Wasomaji wote walikuwa wamelazwa kifudifudi kwenye sakafu ya maktaba. Zawena, mkutubi, akaandika jina la kitabu kwenye kompyuta, ila kwanza aliweka alama kwenye "Vitabu vya Watoto", ili mashine itafute huko tu. Ikajibu kwamba hakuna.

"Unanichezea?" Askari akamshika Mashauri, mkutubi mwenzake aliyesimama pale kando, akamvunja kidole kwenye ukingo wa meza.

Mashauri akapiga yowe. Machozi yakimtoka, akaangalia skrini, na kwa mazoea yao ya kusahihishana kila siku akasema, "Dada Zawena, umesahau kutoa alama ya watoto. Ukiitoa kitatokea."

Zawena akamgeukia. Hapo ndipo Mashauri alipoelewa, akaziba mdomo kwa mkono wenye kidole kilichovunjika.

Askari akaitoa alama mwenyewe. Likatokea jina la aliyekiazima, akalisoma kwa sauti.

Pale sakafuni mwanamume mmoja akavua miwani, akaikunja taratibu, akampa aliyelala ubavuni mwake.