Joho la Tingatinga

Bondia alipoinua mikono, joho la marehemu Tingatinga lilichanika kwapani. Mjane wake, fundi cherehani aliyelishona mwenyewe, alishtuka kana kwamba amechanika yeye.

"Samahani, mama," bondia akasema. "Nilitaka kuingia nalo ulingoni Jumamosi. Mzee naye si alikuwa bingwa wa uzito wa juu?"

"Alikuwa."

"Kilo ngapi?"

"Themanini na tatu. Na asubuhi ya kupimwa nilimnywesha maji ili uzito ufike, mpaka tumbo likawa linapiga kelele akitembea."

Bondia, mwenye kilo mia na ishirini, akacheka hadi kioo cha kabati kikatikisika. "Siku hizi wangempeleka akapigane na wadogo zangu!"

Mjane hakucheka. "Alikuwa akiingia humu, chumba kinajaa."

Angeweza kulikunja joho na kulirudisha kabatini. Badala yake alichukua mkasi, akafumua mshono wote wa mgongoni, kisha akashika tepu ili ajue aongeze kitambaa kiasi gani.

Alisimama nyuma ya bondia, akamzungushia mikono kifuani. Alipokuwa akimpima mumewe hivi, vidole vyake vilikutana mbele. Leo havikukutana, ikabidi bondia ampokeze ncha ya tepu. Lakini mgongo ule ulikuwa wa moto, unanuka jasho na dawa ya kuchua, harufu ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka tisa.

Namba aliisoma mara moja. Akafumba macho, shavu likagusa fulana.

"Umeshapata kipimo, mama?"

"Bado," akasema. "Simama hivyo hivyo."