Kapu la Vigae

Kapu la tatu lilikuwa limejaa vigae, na bado Mikion aliona havitoshi.

"Andika vingine," alimwambia mkewe.

Filina alikuwa amekaa uani, kipande cha chungu mapajani, msumari mkononi. Mikion alimsimamia akiviangalia vidole vyake. Yeye mwenyewe hakujua herufi hata moja, wala hakuona aibu. Vyungu alivyofinyanga vilikuwa vya kupikia dengu, na dengu hazisomi. Filina alifundishwa na marehemu baba yake, karani wa mahakama. Katika miaka sita ya ndoa, hii ndiyo mara ya kwanza elimu hiyo kumfurahisha mumewe.

Aliyemkosesha Mikion raha alikuwa Eudikos, jirani wa ukuta mmoja. Kijana mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, akisimama kusema mkutanoni hata wauza samaki wananyamaza. Siku moja alimsalimia Filina kisimani, na Filina akacheka. Basi, ni hilo tu. Tangu siku hiyo Mikion alimsindikiza mkewe kuteka maji, akaliziba dirisha la upande wa jirani kwa udongo wake mwenyewe, akatia komeo mlango wa uani. Akimkuta Filina kimya, anamuwaza Eudikos. Akimkuta anaimba, anamwimbia Eudikos. Na siku alipomkuta analia, wivu ulimkaba hadi akashindwa kula.

Ndipo ikakaribia siku ya vigae. Mara moja kwa mwaka, Athene ikitaka, humtoa mtu iliyemchoka. Kila mwanamume huleta sokoni kigae chenye jina la mtu, na ambaye jina lake limeandikwa zaidi huhama mji miaka kumi. Hashtakiwi, hajitetei, nyumba yake haiguswi, inabaki ikimngoja.

"Andika jina la huyo mwanamume anayeivunja nyumba hii," Mikion alikuwa amemwambia mkewe siku ya kwanza.

Filina aliinua macho. "Anayeivunja nyumba hii?"

"Huyo huyo. Na usinitajie jina lake. Sitaki kulisikia humu ndani."

"Haya, bwana," Filina akasema. "Namjua."

Akaandika asubuhi tatu mfululizo, bila kusita, na hilo nalo lilimuuma Mikion. Kumbe vidole vyake vimelizoea jina lile kiasi hicho!

Siku ilipofika, Mikion alijisimamisha kwenye lango mojawapo la soko na makapu yake. Wakulima wasiojua kusoma walichukua bila maneno mengi.

"Cha nani hiki?" mmoja aliuliza.

"Cha mtu aliyetuchosha."

"Lete. Mimi wamenichosha wengi."

Wanaojua kusoma ndio waliomshangaza. Mzee Pamfilos, muuza samaki, alikisogeza kigae karibu na jicho, akasoma, akamtazama Mikion, akasoma tena.

"Ni wewe unayevigawa?"

"Mimi mwenyewe."

"Na umetoka nyumbani na akili zako?"

"Zote, mzee wangu."

Mzee alicheka hadi akajishika mbavu. "Basi nipe na vya shemeji zangu! Mwanamume mwenye moyo kama wako sijamwona tangu nizaliwe."

Kicheko kikakimbia lango hadi lango. Watu wakaacha foleni zao wakaja kwake makusudi, kila mmoja akitaka kigae kutoka mkononi mwake, wakimpigapiga mgongoni. Mikion alivimba kichwa. Miaka yote sifa zilikuwa za Eudikos. Leo walau ziligeuka njia. Kabla ya adhuhuri alibakiwa na kapu moja, nalo nusu.

Kisha Eudikos mwenyewe akatokea, vazi jeupe, harufu ya mafuta mazuri. Mikion hakuweza kujizuia. Alimpa kigae kwa mikono miwili.

"Karibu, jirani. Na wewe una haki yako."

Eudikos akasoma. Uso ukamshuka. "Jirani," alisema polepole, "hiki siwezi kukitia."

"Najua huwezi," Mikion akajibu, roho yake ikicheza ngoma. "Hata mimi, ningekuwa wewe, nisingeweza."

 Eudikos alikirudisha kigae kapuni taratibu, akaingia sokoni.

Hesabu ilichukua hadi jua likaanza kuinama. Mikion alijipenyeza katikati ya watu mpaka akasimama bega kwa bega na jirani yake. Alishaiona kesho: upande wa pili wa ukuta kimya, Filina anacheka, na anayechekewa ni yeye peke yake. Miaka kumi! Pengine hata lile dirisha angelizibua.

Mpiga mbiu akapanda jukwaani. Mikion hakumtazama. Alimkodolea macho Eudikos, asije akakosa hata chembe ya uchungu wake. Eudikos naye akamgeukia, akamwekea mkono begani.

"Watu wa Athene wamesema," mpiga mbiu akapaza sauti. "Ana siku kumi za kufunga mizigo yake: Mikion mwana wa Dropis, mfinyanzi wa vyungu!"