Jina la Bi Mwanahawa

Mtafiti Zamda alikuwa amempa kidudu wa vilindini jina la mama mkwe wake, kwa nia njema kabisa. Sasa Bi Mwanahawa mwenyewe alikuwa ameinamia hadubini.

"Hana macho," alisema hatimaye.

"Huko chini ni giza tupu, mama. Anatumia hivyo vipapasio."

"Virefu kuliko mwili! Na mguu wa tano umepinda."

"Ndio unaomtofautisha na wenzake."

Zamda alihisi ndoa yake ikiyumba.

"Anapatikana wapi huyu?"

"Bahari zote za dunia, mama, kuanzia mita elfu mbili kwenda chini."

"Zote?"

"Zote."

Bi Mwanahawa akautengeneza mtandio wake vizuri, akainama tena kwenye hadubini, akampungia mkono wajina wake.