Picha Nne za Daktari

"Masikio hayaonekani, dada." Karani wa vibali alizisukuma zile picha nne kwa ncha ya kalamu, kana kwamba zinanuka. "Kapige nyingine, uombe upya mwezi ujao."

Dakta Nyamizi alimtazama. Pamba ilikuwa imechomoza katika sikio la kushoto la karani. Ni yeye aliyeiweka juzi, maana mji mzima haukuwa na daktari mwingine wa masikio.

"Na mume wangu na mtoto?"

"Hao wabaki huko kwenu. Tunakuhitaji wewe, hatuhitaji ukoo mzima."

Mkobani mwake mlikuwa na barua ya nchi jirani: kibali cha miaka mitano, watu watatu. Wiki nzima alikuwa ameificha kwa kuwahurumia wagonjwa wake. Sasa alinyoosha mkono, akachukua pasipoti yake mezani.

"Unakwenda wapi, daktari? Hii pamba naitoa lini?"

"Omba upya mwezi ujao, kaka."

Akatoka. Mezani, nyuso zake nne zilibaki zikimkodolea macho karani, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, kidole sikioni, akijaribu kusikia kama hatua zile zinarudi.