Kisahani cha Udongo

Bi Mwanashehe hakumpa mkwewe nafasi hata ya kuvua viatu. Alimtia mkononi kisahani cha udongo wa wajawazito, aliokuwa akiukausha mwenyewe juani tangu tumbo la Zuwena lilipoanza kuonekana.

“Tafuna, mwanangu. Mjukuu wangu anautaka.”

Zuwena alikuwa ametoka hospitali. Daktari alimwonyesha picha ya ini lake lililojaa uvimbe, akamwambia kuwa hakuna mtoto, na kwamba ugonjwa huo adimu mtu huurithi kwa wazazi. Hapo Zuwena akamkumbuka mama yake, aliyezikwa na tumbo kama hilohilo, watu wakasema kafa na mimba.

“Daktari kasemaje? Wa kike au wa kiume?”

Zuwena alifungua mdomo amwambie. Kwenye kamba ya uani akaziona nepi sita mpya, zimefuliwa na kuanikwa.

Akachukua kipande cha udongo, akakitafuna taratibu.

“Mtamu, mama.”

Bi Mwanashehe akacheka. Akaweka kiganja chake upande wa kulia wa tumbo, pale palipokuwa pagumu kuliko pote.

“Kichwa chake hiki hapa,” akanong’ona, na mkono asiuondoe.